Boti Ndogo ya Kuvulia kwa Nzi Bandia: Ipime Ikiwa Imesimama

Anayekwenda kununua boti ndogo ya uvuvi huulizwa na muuzaji mambo mawili kabla ya mengine yote: futi ngapi, na mashine ya nguvu gani. Ni maswali ya haki kwa mwenye kubeba abiria au mwenye kuwahi soko kabla barafu haijayeyuka. Kwa anayevua kwa nzi bandia, yanafaa kuja mwisho. Uvuvi huu hufanyika boti ikiwa imetulia au inachukuliwa taratibu na mkondo, mvuvi amesimama wima kwenye omo, na mita kadhaa za mshipi zimelala miguuni pake. Kasi humfikisha mahali pa kazi, na kazi huanza mashine ikishatulizwa. Hoja ya uchambuzi huu ni hiyo: boti ya namna hii ipimwe kwanza kwa jinsi inavyokaa majini ikiwa imesimama. Mwendo, ukubwa na sura vifuate baadaye.

Boti inayozungumzwa ni ile ambayo meza ya usukani imewekwa katikati ya sitaha, na mtu anaweza kuizunguka kutoka omo hadi tezi bila kuruka kitu. Urefu wake ni kati ya futi 16 na 20. Huvutwa kwa trela, hushushwa majini na mtu mmoja au wawili, na hubeba wavuvi wawili, au watatu wakivumiliana. Zimekomaa zaidi katika pwani ya mashariki ya Marekani, kuanzia Massachusetts hadi visiwa vya Florida Keys, na huko ndiko soko lake lilikotanuka, la boti mpya na la zilizotumika. Mifano mingi hapa chini inatoka huko. Mwishoni tutarudi pwani yetu, ambako masharti ya bahari ni mengine na jibu linaweza kuwa jingine.

Uvuvi wenyewe unadai nini

Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, uzito uko kwenye chambo au risasi, nao ndio unaovuta mshipi ukirushwa. Nzi bandia ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi, na karibu haina uzito wowote. Uzito umetiwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una urefu wa mita 30 hivi. Mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani mpaka upate nguvu ya kutosha, kisha huuachia. Akishaurusha, huurudisha kwa mkono, mvuto baada ya mvuto, na kila kinachorudi huanguka kwenye sitaha badala ya kuzungushwa kwenye gurudumu la ufito.

Mambo mawili yanafuata hapo. La kwanza ni kwamba mvuvi anahitaji hewa tupu nyuma yake kama anavyoihitaji mbele. Paa la kivuli, mlingoti wa redio na safu ya fito zilizosimamishwa juu ya meza ya usukani vyote vinakaa palepale mshipi unapopita ukienda nyuma. La pili ni kwamba anahitaji sitaha isiyo na kitu cha kunasa. Kila chuma kilichochomoza, kila bawaba, kila kona ya kifuniko ni mtego.

Tazama kinachotokea vuli karibu na Harkers Island na Cape Lookout, North Carolina. Mwezi wa Oktoba na Novemba samaki wa jamii ya jodari wadogo, wenye kilo 4 hadi 8, huja juu wakiwafukuza dagaa, na kundi hubaki mahali pamoja kwa dakika moja au mbili tu. Nahodha anasogea, anatuliza mashine, na mvuvi anarusha mara moja. Samaki akishika, mita 10 za mshipi zilizokuwa sitahani huondoka kwa pigo moja. Kama kitanzi kimoja kimezunguka chuma cha kufungia kamba kwenye omo, au kimepita chini ya kiatu, kiungo cha mwisho kinakatika kabla mvuvi hajajua alichoshika. Hakuna nguvu ya mashine inayoweza kumwokoa na kosa hilo. Linalomwokoa ni jinsi sitaha ilivyotengenezwa.

Kanuni za mchezo zinasema vivyo hivyo. Shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa michezo, IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939, halikubali samaki wa nzi bandia aliyeshikwa kwa kukokotwa nyuma ya boti inayokwenda. Ni lazima gia iwe imetolewa wakati nzi anaporushwa na muda wote anaporudishwa. Kwa maneno mengine, uvuvi huu kwa mujibu wa sheria zake ni uvuvi wa boti iliyosimama.

Tumbo la boti: hapa ndipo pesa inapokwenda

Kitu kisichoweza kubadilishwa baada ya ununuzi ni umbo la tumbo la boti. Mashine hubadilishwa, viti hung'olewa, paa huondolewa kwa bisibisi na spana. Tumbo hubaki lilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo ndilo la kutazamwa kabla ya yote.

Tofauti kubwa ni jinsi tumbo linavyopanda kutoka mkukuni kwenda ubavuni, kipimo kinachochukuliwa kwa digrii pale kwenye tezi. Boti ya maji ya kina kifupi huwa bapa au karibu bapa, kutoka digrii 0 hadi 12 hivi. Boti ya ghuba na milango ya bahari hukaa katikati, digrii 12 hadi 18. Boti ya bahari kuu huwa na V kali ya digrii 20 hadi 24. V kali hupasua wimbi na kumfikisha mtu salama akiwa na mgongo mzima, lakini ikisimama huyumba, kwa sababu inalala ubavu kidogo kabla ya maji kuishika. Tumbo bapa hukaa imara hata watu wawili wakisimama upande mmoja, lakini likikutana na mawimbi mafupi ya haraka hupiga kwa kishindo na kurusha maji. Hakuna mtengenezaji aliyepata vyote viwili kwa ukamilifu, na anayedai amevipata anauza maneno.

Historia ya mjadala huu ina mtu mmoja aliyesimama pande zote mbili. Mbunifu C. Raymond Hunt wa Massachusetts alihusika na umbo la Boston Whaler ya futi 13, iliyoletwa sokoni na Richard Fisher mwaka 1958. Tumbo lake lilikuwa na matuta upande wa kulia na wa kushoto, na kati ya tabaka mbili za faiba palijazwa povu gumu. Boti ile ilikaa majini imara kupita kiasi. Mwaka 1961 gazeti la Life lilionyesha picha za Fisher akiwa ndani ya boti hiyo huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno bila kuzama. Hunt huyohuyo ndiye aliyechora V kali iliyojulikana duniani mwaka 1960, wakati boti Moppie ya Richard Bertram iliposhinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka na kuwashangaza waliokuwa na boti kubwa zaidi. Katika miaka miwili akili ileile ilitoa majibu mawili tofauti, kwa sababu maswali yalikuwa mawili tofauti: moja la kusimama, moja la kukimbia.

Mnunuzi naye ajiulize lake ni lipi. Anayevua kwenye mafungu ya mchanga ya Florida Keys, akitafuta samaki kwa macho kwenye maji ya kufika gotini, anahitaji boti bapa inayoelea kwenye kina cha sentimita 20 hadi 25 na inayosukumwa kwa upondo. Huko Biscayne Bay, nahodha Bill Curtis ndiye anayesifiwa kwa kuanzisha jukwaa lililo juu ya mashine, ambapo msukumaji husimama na kuona mbali. Boti ya kazi hiyo haina haja ya meza kubwa ya usukani. Anayetoka nje ya mlango wa bahari kila mara, akivuka maji yanayogongana wakati wa kupwa, anahitaji V ya kutosha kumrudisha nyumbani, na akubali kwamba atayumba akisimama. Walio wengi wako katikati: asubuhi kwenye mito ya chumvi, mchana nje ya mlango siku bahari ikiwa shwari. Hao wakichukua boti ya futi 17 hadi 19, pana kwa urefu wake, yenye digrii 14 hadi 18, hawatajuta. Watavuka kwa kupunguza mwendo, na watavua kwa kusimama vizuri.

Upana unastahili neno lake. Boti mbili zenye urefu na digrii sawa zinaweza kutofautiana sana kwa utulivu, kwa sababu moja ina upana wa futi 7 na nyingine futi 8. Uzito nao husaidia: boti nzito huyumba taratibu na kuchukuliwa na upepo polepole, ilhali nyepesi sana hurukaruka. Lakini boti nzito hudai mashine kubwa, gari kubwa na mafuta zaidi, na hukwama mapema kwenye maji mafupi.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni sauti. Boti nyingi zina ukingo uliopinda kuelekea chini kando ya ubavu, unaotuliza boti na kuzuia maji yasirukie ndani. Ukingo huohuo, kama umepanda juu ya mstari wa maji kule kwenye omo, hupigwa na kila kiwimbi boti ikisimama, na kutoa mlio wa kupiga kofi. Kwa anayevua kina cha mita 15 si kitu. Kwa anayemnyemelea samaki kwenye kina cha mita moja, mlio huo ndio unaomfukuza. Haujulikani dukani. Unajulikana majini, mashine ikiwa imezimwa.

Sitaha: kile kinachoweza kurekebishwa

Sitaha nzuri kwa kazi hii ina jukwaa la omo lililo sawa, pana kiasi cha mtu kusimama miguu imeachana, na vifuniko vilivyolala sawasawa na faiba. Vyuma vya kufungia kamba viwe vya kudidimizwa au viwekwe chini ya kingo. Nanga ikae ndani ya sanduku lake. Pawe na nafasi ya kulaza fito zilizokwisha kufungwa, angalau futi 9 bila kizuizi, kwa sababu ufito wa nzi bandia kwa kawaida una urefu huo, na kuukunjua wakati samaki wako juu ni kupoteza nafasi.

Boston Whaler Montauk ya futi 17, iliyopata umaarufu tangu miaka ya 1970 na ambayo bado inatafutwa sana ikiwa imetumika, ni mfano mzuri wa faida na kasoro kukaa pamoja. Tumbo lake ni tulivu, wavuvi wawili husimama upande mmoja bila hofu. Lakini imezungushiwa reli ya chuma kwenye omo, na kila nguzo ya reli hiyo hunasa mshipi. Wapo wanaoing'oa na kuziba matundu. Wapo wanaotandika wavu mwepesi juu ya sehemu ya mbele. Wengine huweka pipa refu la plastiki karibu na mguu na kuangushia mshipi humo. Yote ni masahihisho ya bei ndogo, na ndiyo sababu sitaha isimfanye mtu aache tumbo zuri.

Paa la kivuli ndilo linalozua ubishi mkubwa. Jua la pwani ni kali, na kumnyima mgeni kivuli siku nzima ni kumhatarisha ngozi na macho. Hata hivyo, paa lililowekwa katikati ya boti ya futi 18 humwacha mvuvi wa tezi bila pa kurushia, na wa omo naye hugonga akirudisha nyuma. Paa la kukunjwa ndilo suluhu: liinuliwe wakati wa safari, lilazwe wakati wa kazi. Kwa boti iliyotumika ambayo tayari ina paa la mabomba ya alumini, ulizia kama limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa na meza yenyewe, kwa sababu gharama ya kuliondoa inategemea hilo.

Tezi isisahaulike. Wavuvi wawili wakirusha kwa pamoja, wa pili yuko nyuma, na hapo hukutana na mashine, mipini, betri na mabomba. Boti yenye kijisitaha kilichofunikwa nyuma humpa nafasi. Isiyo nacho ni boti ya mvuvi mmoja na mtazamaji mmoja, hata kama karatasi za kiwandani zinasema inabeba watu 6.

Mashine na uzito wake

Mashine ya kisasa ya viharusi vinne ni tulivu, haitoi moshi mwingi, na hula mafuta kidogo. Kasoro yake ni uzito. Ya nguvu za farasi 70 ina karibu kilo 120, na ya 150 ina karibu kilo 220. Tofauti hiyo ya kilo 100 ni kama mtu mzima mnene aliyekaa kwenye tezi siku zote, asiyeshuka kamwe. Boti nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilichorwa kwa mashine nyepesi za viharusi viwili. Zikivalishwa mashine nzito ya leo, tezi huzama, omo huinuka, na matundu ya kutolea maji ya sitaha hugeuka kuwa matundu ya kuingizia. Mvuvi anayesimama kwenye tezi ya boti kama hiyo hulowa miguu hata bahari ikiwa shwari.

Kwa hiyo usikimbilie nguvu ya juu inayoruhusiwa kwenye kibati cha uwezo. Kwa boti ya futi 17 inayobeba wawili, nguvu ya kati ya kiwango hicho hutosha. Unayopoteza ni kasi ya dakika chache, na unayopata ni boti inayokaa sawa muda wote wa kuvua.

Ulizia pia vipuri kabla ya kuulizia bei. Kampuni ya BRP ilisimamisha utengenezaji wa mashine za Evinrude mwezi Mei mwaka 2020, na boti nyingi nzuri bado zinauzwa zikiwa nazo. Bei huwa ya kuvutia. Ni lazima mnunuzi awe na fundi anayezijua na ajue vipuri vitatoka wapi kwa miaka ijayo, la sivyo aihesabu mashine hiyo kuwa sifuri na ajadili bei ya boti tupu.

Mashine ndogo ya umeme inayofungwa kwenye omo imebadilisha uvuvi huu kuliko kitu kingine chochote katika miaka ya karibuni. Zenye kipokezi cha setilaiti huishikilia boti mahali pamoja bila nanga na bila kelele, na nahodha hubaki huru kumsaidia mvuvi. Lakini ina gharama zake: betri zake ni nzito, na kichwa chake kinakaa palepale mshipi unapoanguka. Anayeitaka aipangie mahali mapema, na betri zake ziwekwe chini ya meza ya usukani, zisiongezwe kwenye tezi iliyokwisha kulemewa.

Mpya au iliyotumika

Boti mpya ina dhamana na mashine isiyo na historia. Iliyotumika ina bei, na mara nyingi ina vifaa ambavyo mwenyewe wa kwanza alivilipia na hatarudishiwa. Kwa mwenye fedha ya kadiri, boti iliyotumika yenye tumbo zuri na mashine ya karibuni ndiyo inayolipa, kwa sharti kwamba ikaguliwe na mtu asiye na haraka.

Anza na namba ya utambulisho iliyochorwa upande wa kulia wa tezi. Boti zinazouzwa Marekani zimekuwa na namba ya herufi na tarakimu 12 tangu mwishoni mwa mwaka 1972. Herufi tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji, na kwa zile za tangu katikati ya miaka ya 1980, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Namba ikitofautiana na hati, au ikiwa imekwaruzwa, ondoka.

Kisha nenda kwenye ubao wa tezi unaobeba mashine. Katika boti nyingi za zamani, ndani ya faiba kuna mbao za plywood, na maji ya chumvi huingia kupitia matundu ya boliti. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga kuanzia juu mashine ilipobana, shuka taratibu hadi chini ya mstari wa maji. Faiba iliyoshikana na mbao kavu hutoa mlio mkavu wa juu. Mlio ukigeuka ghafla kuwa mzito, mbao imeoza au imeachana na faiba. Inua mashine nusu, shika mguu wake wa chini kwa mikono miwili, usukume juu na chini huku mwenzako akitazama kona za juu za tezi. Ikiwa ubao unacheza, au nyufa nyembamba zinafunguka na kufunga, umepata ukweli. Maji ya rangi ya chai yanayotoka kwenye boliti yanasema jambo hilohilo. Kubadilisha ubao wa tezi ni kazi ya fundi wa faiba kwa siku nyingi, na bei ya boti ni lazima ishuke kwa kiasi hicho.

Tembea sitahani kwa kisigino. Pale panapobonyea pana mbao zilizolowa chini yake. Tangi la mafuta nalo, mara nyingi la alumini, huwa limezikwa kwenye povu chini ya sitaha, ambako unyevu huzuiliwa na kulila taratibu. Petroli ya Marekani kwa kawaida ina asilimia 10 ya ethanoli, inayovuta maji. Boti iliyokaa majira mawili bila kutumika inahitaji mafuta kumwagwa na mipira kubadilishwa kabla ya kuaminiwa.

Mashine iguswe ikiwa baridi. Ukiikuta ina joto kabla ya kuwashwa mbele yako, uliza kwa nini. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, na tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini isizidi asilimia 10 hadi 15. Fungua skrubu ya mafuta ya gia chini ya mguu: yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Saa za kazi zisikutishe peke yake. Mashine ya saa 600 iliyosuuzwa kwa maji matamu kila jioni ni bora kuliko ya saa 90 iliyoachwa na chumvi miaka 10. Trela nayo ikaguliwe, hasa breki, beringi na ndani ya vyuma, kwa sababu boti nyingi hupata ajali barabarani kabla ya kuipata baharini.

Usalama hauna mjadala. Sheria za Marekani zinataka boti za mashine ya nje zilizo chini ya futi 20 ziendelee kuelea hata zikijaa maji, na tangu tarehe 1 Aprili 2021 nahodha wa boti iliyo chini ya futi 26 anatakiwa kujifunga kamba ya kuzima mashine anapokwenda kwa kasi. Popote ulipo, ifunge. Mtu aliyesimama kwenye omo bila reli, akili yake yote ikiwa kwa samaki, ndiye mtu rahisi zaidi kuanguka.

Pwani yetu

Afrika Mashariki si ngeni kwa uvuvi wa michezo. Malindi, Watamu na Shimoni zinajulikana kwa sulisuli, jodari na nguru, na msimu mzuri huanza kusi likipungua na kuendelea wakati wa kaskazi. Sulisuli huvuliwa kwa nzi bandia kwa namna ya pekee: chambo kisicho na ndoana hukokotwa ili kumchokoza mpaka karibu na tezi, gia hutolewa, na mvuvi hurusha. Jirani zetu wa Shelisheli wamejenga biashara nzima ya utalii juu ya kolekole wakubwa wanaovuliwa kwa nzi bandia kwenye visiwa kama Alphonse na Cosmoledo, wakitumia boti ndogo zenye sitaha tupu. Mafia, Pemba na Kilwa zina mafungu, vipwa na mikoko ya kutosha kwa kazi ya namna hiyo.

Lakini anayetaka kuingiza boti ya Marekani atazame tofauti. Kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kupwa kwa tofauti inayokaribia mita 4, ilhali Florida Keys haifiki mita moja. Fungu lililokuwa na kina cha kifua linakuwa kavu baada ya saa chache. Boti nzito yenye V kali ikikamatwa hapo italala ubavu mpaka maji yajae. Nje ya mwamba, kusi huleta bahari ambayo boti bapa ya futi 16 haina haki ya kuwa ndani yake. Kwa hiyo eneo kati ya mwamba na ufuko linataka boti nyepesi inayokubali upondo, na nje ya mwamba panataka boti kubwa kuliko tunazozungumza. Anayenunua moja kwa kazi zote mbili atalipia udhaifu wa kila upande.

Kwa maoni yangu, mwongozaji wa wageni kwenye pwani hii aanze na boti ya faiba inayotengenezwa hapahapa, ya futi 19 hadi 23, ambayo huongozwa kwa mkono kutoka kwenye tezi. Haina meza ya usukani, na kwa uvuvi huu hilo ni faida: sitaha yote iko wazi. Fundi wa hapa anaweza kujenga jukwaa la omo, kulifunika faiba laini na kuficha vyuma vya kamba. Mashine ya Yamaha Enduro ya farasi 40, pamoja na kelele na moshi wake, ina mafundi na vipuri karibu kila bandari ya wavuvi, na mgeni aliyelipa siku 5 za kuvua hawezi kusubiri kipuri kutoka ng'ambo. Vijana wetu wa mikokoni wanajua upondo tangu utoto, ujuzi ambao kwingine hulipiwa ghali.

Vibali navyo visipuuzwe. Tanzania Bara vyombo vidogo husimamiwa na shirika la serikali la TASAC, na Kenya na Mamlaka ya Bahari ya nchi hiyo. Hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, haziruhusu uvuvi ndani ya mipaka yake, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina kanda zenye masharti tofauti. Samaki anayerudishwa majini akiwa hai ndiye mtaji wa biashara hii. Anayevua mahali pasiporuhusiwa anawaibia wenzake.

Uamuzi

Mpangilio wa kununua, basi, ni huu. Amua kwanza maji utakayovua siku nyingi za mwaka, usiamue kwa siku moja ya ndoto. Chagua tumbo na upana unaofaa maji hayo. Hakikisha tezi, sitaha na tangi ni vizima. Kisha chagua mashine nyepesi inayotosha, yenye fundi wa karibu. Vifaa na rangi viwe mwisho, kwa fedha itakayobaki, na hakikisha imebaki.

Na kabla hujatia saini, dai majaribio majini. Muuzaji atataka kukuonyesha mwendo, mwache aonyeshe. Halafu mwambie azime mashine mahali penye upepo kidogo. Simama kwenye omo, rusha mshipi wako mara 20, muombe mwenzako aje asimame upande wako, sikiliza maji yanavyogonga, tazama boti inavyogeuzwa na upepo. Muuzaji akikukatalia nusu saa hiyo, mpe mkono umshukuru, ukatafute boti nyingine.